Mistari Ambayo Mashine Huiruka

Dar es Salaam,
14 Aprili 1996

Kaka Shija,

Mwangaluka ya asubuhi, au mwadila ya jioni kama kondakta atachelewa kukupa mzigo. Mimi mzima, ninakula na kulala, na joto la huku tumeshazoeana. Ningekuambia usome kwanza barua kabla ya kufungua boksi, lakini najua umeshafungua.

Hicho kibao cha kijani chenye vidudu vyeusi ni kompyuta. Usicheke. Haina kioo wala vitufe vya kuandikia, na inaenea kiganjani, lakini ni kompyuta. Tangu biashara ziwe ruksa watu hapa wanaingiza kila kitu, na bosi wangu Bwana Joakim alipata furushi la vibao hivi kwa mfanyabiashara ambaye hakujua anauza nini. Karakana yetu inatengeneza simu za maofisini, mizani za umeme na chochote kilichomshinda fundi mwingine. Kibao kimoja nilikiomba, akanipa.

Nimekifanya mlinzi wa ng'ombe. Uliniandikia kwamba wezi wamepita Nkololo, na kwamba baba mdogo Nyanda anataka mifugo yote ihamie kwake Kimali, kwenye malisho mapana na vijana wenye nguvu. Uliandika kwa kifupi, kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa salamu, lakini nilikuelewa. Baba bila ng'ombe pale nyumbani kwake simwoni. Akiamka asubuhi atafanya nini? Nataka wabaki nyumbani, na huu ndio mchango wangu.

Zungusha ule waya mwembamba langoni mwa zizi na kando ya ua wa minyaa. Ukikatika, honi inalia. Ni honi ya lori, kwa hiyo mwambie mkeo Justina kabla hujaijaribu. Betri ya gari mtakuwa mnaichaji kwenye mashine ya kusaga.

Kibao nimekiweka kwenye kopo la maziwa ya unga, makusudi. Unaikumbuka simu yetu ya makopo, wewe zizini, mimi jikoni kwa mama, na uzi wa magunia ya pamba katikati? Ulikuwa unaniuliza kama ugali umeiva, nami nakujibu kwa sauti ambayo ungeisikia hata bila kopo. Nilipokuwa natoboa hili nilicheka peke yangu mpaka Bwana Joakim akaniuliza kama nina homa.

Msalimie sana baba.

Mdogo wako,
Klementina


Nkololo, Bariadi,
5 Mei 1996

Kle mdogo wangu,

Mzigo umefika, honi imelia, Justina ameangusha chungu cha mboga. Nilimwonya, ila nilimwonya na kubonyeza kwa wakati mmoja. Kuku wa jirani hawajarudi hadi leo.

Mzee hajambo. Kopo lako alilishika muda mrefu, akalipapasa kila upande, akauliza linaonaje ikiwa limezibwa hivi. Nikamwambia halioni, linahisi waya tu. Hakuridhika. Alisema hajawahi kuweka mlinzi asiyeona. Hata hivyo alisimama nami langoni wakati nafunga waya, akinielekeza pa kupitisha, na jioni aliwaambia majirani kwamba binti yake ameleta mtu wa zamu.

Huku mambo yamegeuka. Lile ghala la ushirika nililokuwa nalitunza sasa linalala mbuzi. Msimu huu wanunuzi binafsi wa pamba watakuja, kila mmoja na mzani wake na turubai lake, wakitukanana. Bei inasemekana itakuwa nzuri. Lakini nakumbuka tulivyokuwa tunalala juu ya marobota ya watu tukisubiri karani, wewe na mimi, pamba imetujaa masikioni, na mama anatuchambua kama kuku. Usingizi ule sijaupata tena.

Baba mdogo Nyanda alipita wiki iliyopita. Aliliangalia kopo, akasema Kimali hakuhitajiki kopo.

Sasa nieleze: unazungumza nacho kwa lugha gani hicho kitu? Niandikie uliyokiambia. Nataka kuyasoma.

Shija


Dar es Salaam,
26 Mei 1996

Kaka,

Umeuliza swali ambalo limenigombanisha na bosi wangu kwa mwezi mzima.

Chipu yenyewe inaelewa namba tu. Bwana Joakim ni mtu wa shirika la umma la zamani, alijifunza kuandika namba hizo moja moja, na anajivunia kama wewe unavyojivunia kunyoosha matuta. Kwake kitu kidogo huzungumza nacho kwa lugha yake ndogo. Mimi natumia Besiki, lugha inayoandikwa kwa maneno ambayo mtu anaweza kuyasoma. Ndani ya chipu anakaa mkalimani, anauchukua mstari mmoja, anautafsiri, kazi inafanyika, anachukua mwingine. Umkumbuke yule padri aliyehubiri Kiswahili na katekista akageuza Kisukuma. Padri anasema neno moja, katekista anasema kumi, na misa inaisha jua limeinama. Bwana Joakim anasema ndiyo hasara yenyewe: mkalimani anakula nafasi, na nafasi ni ndogo, tena anachelewesha. Nikamwambia mwizi wa ng'ombe hana mbio za kumshinda mkalimani huyu.

Haya, nimekugeuzia kwa Kiswahili. Hii ndiyo akili yote ya mlinzi wenu:

10 Angalia waya.
20 Kama waya ni mzima, rudi 10.
30 Piga honi.
40 Rudi 30.

Basi. Umeona hakuna uchawi.

Kuna mistari mingine pia, ya maelezo. Ukiweka alama yake mwanzoni mwa mstari, mashine inauruka bila kuusoma. Kazi yake ni kumsaidia mtu atakayeisoma programu baadaye. Bwana Joakim huifuta yote, anasema maneno yasiyofanya kazi hayastahili kukaa mahali padogo hivyo. Kwako nimeacha mmoja: "Kazi ya Klementina wa Limbu." Sikuweza kujizuia kuliweka jina langu na la baba.

Klementina


Nkololo,
23 Juni 1996

Kle,

Kaa chini ndipo usome.

Jumapili iliyopita jioni mimi na Justina tulikuwa msibani ng'ambo ya mto. Mzee alibaki peke yake, ng'ombe wamesharudi. Yule ndama wa ng'ombe wetu Chai, mkorofi, akajikuna langoni, waya ukakatika. Honi ikalia. Mzee alijaribu kuizima, lakini waya zenyewe ni ndogo, zimebanana, hakufanikiwa.

Wewe umekaa mjini, nikukumbushe. Hapa sauti kubwa inayolia bila kukoma jioni ni mwano tu, ukelele wa wezi, na mwano ukipigwa, anayeusikia anaupokea na kuupeleka mbele. Jirani aliupokea. Wa mlimani wakaupokea. Sisi msibani tuliusikia kutoka upande ambao si wa kwetu kabisa, na mimi mwenyewe nikaupokea, Kle, nikapiga mbio na wenzangu na fimbo mkononi, tukikimbilia wezi waliokuwa nyumbani kwangu. Tulipofika, uwanja ulijaa watu na mishale, mzee amekaa kwenye kigoda, ndama ananusa viatu vya mwenyekiti wa sungusungu.

Kesho yake nzengo, baraza la kijiji, ilikaa. Unajua sheria: anayepiga mwano bila sababu anatoa ng'ombe dume watu wale, asipotoa anatengwa, hapewi moto wala hazikiwi. Swali likawa nani kapiga. Wengine walisema mashine, wakajibiwa mashine haina dume. Mmoja akasema apigwe faini aliyeitengeneza, aitwe kutoka Dar. Hapo mzee akasimama. Alisema, "Ni mimi. Mji wangu, mwano wangu." Dume letu Ngosha alichinjwa, watu wakala, wakamsifu mzee kwa uungwana, na mwenyekiti akasema mara ya pili kopo lenyewe litavunjwa.

Jioni nilimsomea mistari yako. Aliniambia nirudie. Halafu akasema, "Kati ya ishirini na thelathini hapana mtu." Nikamuuliza maana yake. Akasema huwezi kupiga mwano kabla hujamwita mwenye mji. Marehemu mama alikuwa akisikia kitu zizini hakupiga kelele, alimgusa bega kwanza, na yeye ndiye aliyeamua.

Nilikaa nikaiangalia ile mistari. Kweli hapana mtu.

Shija


Dar es Salaam,
14 Julai 1996

Kaka,

Ngosha nimemlilia karakanani, mbele ya wateja. Nilimfundisha kunywa maziwa kwa kidole alipofiwa na mama yake. Mwambie baba asante kwa kunisimamia, na mwambie amesema kweli, nimemweka mtu:

10 Angalia waya.
20 Kama waya ni mzima, rudi 10.
25 Gonga kengele ya ndani. Subiri.
26 Kama mwenye mji amebonyeza swichi, nyamaza.
30 Piga honi.

Kengele na swichi nimevituma, viweke karibu na kitanda cha baba. Akibonyeza, mlinzi anatulia mpaka mfunge waya upya. Asipobonyeza, ndipo honi inalia; mstari wa 40 sikuuandika tena, haukubadilika.

Bwana Joakim alinitania kwamba kwa namba angemaliza yote haya kwa nafasi ndogo zaidi. Nikamuuliza, kwa namba, nani Nkololo angenionyesha kosa? Akaenda kunywa chai. Siku hizi akiona bahasha yenye mwandiko wako anauliza kama kuna marekebisho.

Sasa sikiliza, hili ni muhimu. Akili mpya iko kwenye chipu ya kumbukumbu, ile ndefu yenye miguu mingi, nimeifunga kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara ndani ya kibiriti. Ing'oe ya zamani taratibu, chomeka hii upande uleule. Mgongoni ina kidirisha cha kioo, na juu yake nimebandika karatasi nyeusi. Usiibandue. Jua likipenya humo siku nyingi linafuta yote niliyoandika, na hutajua mpaka siku utakayoihitaji.

Klementina


Nkololo,
8 Septemba 1996

Kle,

Chipu ilifanya kazi vizuri sana mwanzoni, Justina alikuwa anaiita wifi. Sasa imekufa. Kengele haigongi, nimekata waya makusudi na honi iko kimya.

Karatasi nyeusi haipo. Kosa ni langu. Nilikuwa nafuta vumbi, nikaibandua, nikasahau kuirudisha. Kopo nalo limeachwa wazi juani.

Baba mdogo Nyanda atakuja na vijana wake mvua za kwanza zikianguka, awachukue ng'ombe. Mzee amekubali. Usijisumbue kutuma nyingine.

Tunashukuru kwa yote.

Shija


Dar es Salaam,
22 Septemba 1996

Shija,

Nimesoma barua yako mara nyingi na kila mara inanichoma upya.

Nilikuambia kitu kimoja tu. Sikukuambia uelewe chipu wala ujue umeme. Nilikuambia usibandue karatasi. Umefuta vumbi kwenye kitu ambacho kiko ndani ya kopo? Tangu lini unafuta vumbi? Justina anakufuata na ufagio tangu mlipooana.

Nadhani ulishachoka na ng'ombe. Ghala limefungwa, pamba ina wanunuzi wapya, labda unataka kuwa mtu wa mjini Bariadi na huoni namna ya kumwambia baba, ukaona afadhali kopo life. Kama ndivyo, sema. Ila usiseme "tunashukuru kwa yote" kama unamwandikia mheshimiwa aliyeleta mabati. Mimi nilikuwa nashona mji wetu kwa mistari sita, usiku na asubuhi naiwazia ile mistari, na wewe umeiacha juani.

Ng'ombe waende Kimali. Mimi chipu nyingine situmi.

Klementina


Nkololo,
6 Oktoba 1996

Wifi Klementina,

Ni mimi Justina. Baba anasema kwa Kisukuma, mimi naandika kwa Kiswahili, na Shija hayupo, amekwenda Mwanhuzi kwenye mnada. Kwa hiyo leo mkalimani ni mimi, nivumilie nikichelewa. Yanayofuata ni maneno yake.

Klementina mwanangu. Mimi Limbu, baba yako. Kaka yako amekudanganya, na mimi ndiye niliyemtuma adanganye. Karatasi niliibandua mimi.

Macho yangu yamekwisha. Yalianza kuingia ukungu mwaka jana, nikadhani ni vumbi la kulima, sasa naona mwanga na giza tu. Daktari alisema tumechelewa. Shija alitaka kukuandikia siku ileile, nikamkatalia, kwa sababu ungeacha kazi na kuja kunishika mkono, na mimi sikukusomesha unishike mkono. Ile siku ya mwano sikushindwa na udogo wa waya. Sikuuona.

Shija alinisomea mistari yako mipya, nikaipenda. Yale maonyo ya karatasi hakunisomea, alidhani hayanihusu. Ndipo siku moja nikiwa nalipapasa lile kopo, nikakuta karatasi, na chini ya karatasi kioo. Nikasema, kumbe mlinzi wangu ana jicho na wamemfunga. Nikaibandua. Nikachukua kisu nikaongeza tundu la kopo upande wa zizi, apate kuwaona ng'ombe. Nikamgeuza vizuri kwenye jua ili aone. Mimi najua kukaa gizani kulivyo. Sikutaka na yeye akae humo.

Nilipoambiwa nimemuua, nilimwambia Nyanda njoo uwachukue. Mtu aliyemuua mlinzi wake mwenyewe ataweza nini tena na ng'ombe?

Zamani mama yako alikuwa na masikio, mimi nilikuwa na macho. Alinigusa bega akasema, "Limbu, sikiliza." Mimi nikatoka kwenda kutazama. Sasa yeye hayupo na macho hayapo, nimebaki na masikio ya kujifunzia uzeeni. Lakini nimejifunza. Nikikaa mlangoni namjua kila mmoja anavyopumua. Wakienda Kimali, asubuhi sijui nitasikiliza nini.

Usimkasirikie kaka yako. Nimemaliza.

Wifi, hapa ni mimi tena. Baada ya barua yako ile Shija hakula siku hiyo. Ninaandika bila ruhusa yake, na nikipigiwa kelele nitasema ulikuwa mwano wangu.

Justina


Dar es Salaam,
20 Oktoba 1996

Baba yangu,

Shija akusomee barua hii. Shija, soma taratibu, na ukifika mahali ambapo mimi nililia na wewe lia, hakuna wa kutucheka zaidi ya Justina.

Baba, sina hasira. Nimeona aibu kwa niliyomwandikia kaka, na nimesikitika kwa ajili ya macho yako, na nimekasirika kidogo kwamba ulinificha, basi hasira ninayo, lakini ni ya upendo. Hukumuua mlinzi. Mimi ndiye sikueleza. Nilikuwa nimekuandikia wewe kazi, kwenye mstari wa ishirini na sita, na maonyo nikamwandikia mwingine.

Chipu mpya iko kwenye kibiriti. Safari hii programu ina mistari mingi ya kurukwa. Bwana Joakim aliniona nikiiandika, akauliza hayo makorokoro ni nini, nikamweleza habari yote tangu ndama wa Chai. Alisoma mpaka mwisho. Halafu akasema nafasi ipo, akachukua mkasi, akakata mwenyewe utepe mweusi wa kubandika kidirishani, akaurudia juu yake tena na tena mpaka kucha haiwezi kuubandua.

1 Huu ni mji wa Limbu, Nkololo.
2 Mbula, aliyezaliwa siku mvua ilipobomoa jiko.
3 Chai, na ndama wake mkorofi.
4 Kanga wa madoadoa, anayekohoa kama katekista.
5 Sabasaba, aliyetukimbia mnadani akarudi nyumbani peke yake.
6 Ngosha, aliyeondoka kwa heshima.
10 Angalia waya.
20 Kama waya ni mzima, rudi 10.
25 Gonga kengele ya ndani. Subiri.
26 Kama mwenye mji amebonyeza swichi, nyamaza.
30 Piga honi.

Kaka, muwahi Nyanda.

Klementina


Nkololo,
17 Novemba 1996

Kle,

Nyanda na kibiriti chako walifika siku moja. Yeye alishuka na vijana wake wawili na fimbo mpya, akasema wataondoka na ng'ombe kukicha. Nilimkaribisha, nikaenda nyuma ya nyumba nikachomeka chipu kwa siri kama mwizi.

Baada ya chakula mzee alitaka nisome. Nikasoma mbele ya wote, mstari kwa mstari. Kwa Mbula vijana wa Nyanda walicheka, kwa Kanga hata Nyanda alicheka, maana anakifahamu kikohozi chake. Kwa Ngosha hakucheka mtu. Nilipomaliza mzee aliuliza, "Hao ng'ombe, mashine inawasoma?" Nikamwambia inawaruka. Akauliza waliandikwa kwa ajili ya nani basi. Justina ndiye aliyejibu, akasema, "Ni kwa ajili yako, baba." Mzee akaomba nirudie kuanzia mwanzo.

Alfajiri kengele iligonga. Nyanda alilala chumba kimoja na mzee, na mimi nilitoka mbio nikafika mlangoni nikawakuta: Nyanda amesimama na fimbo, mzee ameketi kitandani ameinua mkono kumzuia, ameelekeza sikio dirishani. Kidole chake kilikuwa juu ya swichi. Akasema, "Ni Kanga. Wenzake wamembana langoni, amekata waya kwa kifua." Akabonyeza. Kengele ikanyamaza.

Nyanda alichukua tochi akatoka, nami nikamfuata. Kanga alikuwa langoni, kifua kwenye magogo, uzi wa waya unaning'inia shingoni, anakohoa. Nyanda alimmulika kwa muda. Aliporudi ndani aliegemeza fimbo nyuma ya mlango, akamwambia Justina kama chai ipo atakunywa. Mchana wakarudi Kimali. Wameondoka na jogoo, zawadi, na Nyanda amesema ukipata kibao kingine usimsahau. Ng'ombe wamebaki, Kle. Hakuna aliyesema wamebaki, ila hakuna aliyewafungulia.

Nimekusamehe kuhusu ufagio. Ulisema kweli.

Sasa nikueleze kwa nini chipu inarudi kwako, nimempa kondakta kwenye kibiriti kilekile. Haikuharibika. Mzee ana marekebisho. Nilimwambia tutakaa bila mlinzi mpaka irudi, akasema nimpe yeye zamu, ameshalinda miaka mingi bila kopo. Anasema ng'ombe umewaandika vizuri wote, lakini juu ya mstari wa ishirini na tano, ule wa kengele, pana nafasi. Kengele ilipogonga alfajiri ile, kabla hajajua ni kengele, bega lake lilishtuka, akataka kuitikia.

Anasema uandike hapo Minza, jina la mama. Mashine imruke, si kitu. Yeye atajua ni nani aliyemwamsha.

Kaka yako,
Shija